Tahadhari katika Kuzibua Mabomba ya Maji kwa Upepo wa Kompresa

Maji mengi yatumikayo Unguja na Pemba hutoka ardhini, na huweza kubeba chokaa. Chokaa hiyo, pamoja na mchanga, hukaa ndani ya mabomba ya nyumba na ofisi hadi mfereji ukatoa maji kidogo au usitoe kabisa. Wapo wanaoyazibua kwa kompresa ya gereji. Njia hiyo yaweza kufaa, lakini ina hatari ambayo wananchi wanapaswa kuielewa.

Maji hayabanwi kwa urahisi. Bomba la maji likipasuka, presha hushuka papo hapo. Upepo hubanwa, na huhifadhi nguvu mfano wa springi. Bomba gumu la plastiki likishindwa kuihimili, huvunjika vipande vinavyoruka kwa kasi, na kimoja chatosha kupofua jicho. Kompresa nyingi za gereji hufikia paundi 120 kwa inchi ya mraba, ilhali tairi ya gari ndogo hujazwa takriban paundi 30. Kwa kazi hii, kiasi hicho cha tairi kisizidishwe.

Anayekusudia kuifanya azingatie yafuatayo:

1. Afunge koki kuu itokayo mtaani, ili taka na upepo visiingie katika mabomba ya umma, na atenge tangi na hita ya maji.

2. Afungue mfereji wa mwisho kabla ya kutia upepo, na usifungwe hadi kazi imalizike. Upepo usio na pa kutokea ndio upasuao bomba.

3. Avae miwani ya kukinga macho, atie upepo kidogo kidogo huku akitazama geji, na asiuelekeze mwilini. Watoto wakae mbali.

4. Kwa kuwa upepo wa kompresa huweza kubeba mafuta, maji ya mwanzo yamwagwe. Yakiwa na harufu, yasinywewe.

Ifahamike kwamba upepo hutoa mchanga na taka zilizolegea tu. Chokaa iliyoganda haiondoki kwa kuongeza presha. Bomba hilo libadilishwe. Bomba lililochakaa lisitiwe upepo asilani. Maofisa wasimamiao majengo ya Serikali wamkabidhi kazi hii fundi anayeijua, na kasoro iliyo upande wa mtaani ipelekwe Mamlaka ya Maji.

Bomba hununuliwa dukani, jicho haliuzwi. Tahadhari kabla ya athari.