Usione Vyaelea: Pikipiki Kuukuu Katika Mteremko wa Marangu

Sisi watu wa Visiwani tunayo methali tuliyoirithi kwa wazee wetu, kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Kwa kawaida huisema tukiwa pwani, tukilitazama jahazi lililotweka tanga, tukakumbuka jasho la mafundi walioliunda ubao baada ya ubao. Sikudhani kwamba siku moja methali hiyo ingenijia nikiwa mbali kabisa na bahari, ndani ya kihamba cha migomba na kahawa huko Marangu, nami nimesimama mbele ya pikipiki.

Marangu imo katika mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini Moshi. Msafiri huiacha barabara kuu iendayo Taveta pale Himo, akaanza kupanda, migomba ikizidi kusongamana na hewa ikizidi kupoa, hata afike kwenye lango la Hifadhi ya Taifa, lililo meta 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari. Wageni wa dunia nzima huijua Marangu kwa lango hilo. Mimi safari hii nilikwenda kumzuru rafiki wa siku nyingi, na kwa jirani yake ndiko nilikoipata habari ninayoiandika leo.

Jirani huyo ni mama mjane. Marehemu mumewe alimwachia, pamoja na kihamba, pikipiki aina ya Honda CG125 aliyoinunua kwa fedha za kahawa. Chombo hicho kilikaa bandani miaka mingi, kuku wakalala juu ya tangi lake. Mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kuja na mizani yake, na bei ikatajwa kwa kilo. Ndipo kijana mkubwa wa mama huyo, anayejifunza ufundi katika gereji moja ya Moshi, alipomsihi mama yake asubiri mpaka msimu upite. Kijana alikuwa ameona katika picha aina ya pikipiki iliyomkosesha usingizi, nayo huitwa kaferesa.

Yafaa tueleze jina hilo kabla hatujaendelea. Kaferesa ni pikipiki ya mbio za mkahawani, na asili yake ni Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa huko, wengi wao wakiwa watu wa kazi za mikono wasio na fedha za kununulia pikipiki za mashindano, walichukua pikipiki za kawaida za BSA, Norton na Triumph, wakaondoa kila kisicholazimu. Walishusha usukani, wakarudisha nyuma vikanyagio vya miguu, wakaweka siti fupi, mpanda akawa ameinama juu ya tangi ili upepo usimzuie. Wako waliotwaa injini ya Triumph wakaifunga katika fremu ya Norton, na mseto huo ukaitwa Triton. Mkahawa wao mashuhuri, Ace Cafe wa London, ulifunguliwa mwaka 1938, ukajengwa upya mwaka 1949 baada ya kubomolewa wakati wa vita, ukafungwa mwaka 1969, na ukafunguliwa tena mwaka 2001. Fahari ya vijana hao ilikuwa kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wako waliotoka mkahawani kwa mbio na wasirudi.

Sasa basi, Honda CG125 ina injini ya sentimeta za ujazo 124, yenye nguvu za farasi 11 hivi. Haitafika kilomita 160 kwa saa hata ikitupwa kutoka kileleni Kibo. Kijana wa Marangu anatafuta nini katika jambo hili? Nilimwuliza, naye baada ya kuniamkia akanijibu kwa adabu: "Mzee, mbio siziwezi, na barabara yetu haizitaki. Ninachotaka ni watu waone kwamba chombo cha baba si chuma chakavu."

Jibu hilo lilinifanya nikae kitako nikasikiliza, maana ndani yake mna jambo la kitaifa. Nchi yetu ilipotangaza siasa ya kujitegemea katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, haikukusudia kwamba kila mtu aunde kitu kipya kutoka mwanzo. Kujitegemea huanza kwa kukijua ulichonacho.

Na kijana alikijua alichonacho. CG125 ilitoka Japani katikati ya miaka ya 1970, ikiwa imekusudiwa kwa makusudi nchi kama zetu, ambako chombo hubebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati wake. Kwa hiyo wahandisi waliacha mtindo wa mnyororo mwembamba unaozungusha vyuma vya juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa vijiti vya kusukuma valvu, ambao huvumilia uzembe. Viwanda vya China vikaiga mpango huo, na pikipiki nyingi za bodaboda zinazopita mbele ya milango yetu leo ni wajukuu wa CG. Faida yake kwa mtu wa kipato kidogo ni kubwa: pistoni, ringi, sahani za klachi, kabureta na nyaya nyingi zinazoifaa hupatikana katika duka lolote la spea. Hata hivyo kijana alinionya kwamba nyingine hufanana kwa macho tu, kwa hiyo yeye huchukua kile cha zamani mkononi, akakipima na kipya pale pale dukani kabla hajatoa fedha.

Kanuni yake ya pili ilinipendeza zaidi. Kaferesa, alisema, ni pikipiki ya kupunguza kuliko kuongeza, na kupunguza ni bure. Usukani mpya wa kushuka hakuununua; aliufungua wa zamani, akaugeuza juu chini, akahakikisha kwamba ukikatwa kushoto na kulia haugusi tangi wala hauvuti waya wa klachi. Boksi la cheni lililooza alilitoa. Madigadi hakuyaondoa, kwa kuwa masika ya Marangu si mchezo, bali aliyakata yakawa mafupi. Tangi alilitia mchanga mkavu na kokoto ndogo, akalitikisa mpaka kutu ya ndani ikabanduka, akalisuuza kwa mafuta kidogo. Rangi aliisugua kwa msasa kwa mkono, jioni baada ya jioni.

Chuma cha nyuma cha kushikilia siti kilihitaji kupindwa, na hapo akaenda Mamba, jirani na Marangu, kwa wahunzi. Watu wa Mamba wana sifa ya kale katika uhunzi. Zamani chuma chao kilitoka Upareni, nao wakafua mikuki na majembe. Siku hizi hufua chuma chakavu kwa mivukuto na mkaa. Mzee mmoja wa huko alilijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalitia motoni, kisha akalipinda taratibu. Mchanga ulizuia bomba lisibonyee. Hakuna mashine iliyotumika, na mviringo ulitoka kama uliochorwa kwa bikari.

Hapa nina neno kwa wenzangu wa Visiwani ambao huenda wakasema kwamba haya ni mambo ya mlimani. Hewa ya Marangu ni nyepesi. Pale langoni kani yake hupungua kwa kiasi cha moja ya tano kuliko pwani. Pikipiki iliyorekebishwa vema Unguja ikifikishwa huko itakunywa petroli nyingi kuliko hewa, itatoa moshi mweusi na plagi itajaa masizi, hata ipunguziwe mafuta kwenye kabureta. Kinyume chake, ya Marangu ikishushwa pwani bila kurekebishwa huweza kukosa mafuta na kuchemka. Sisi adui yetu ni mwingine: chumvi ya bahari, inayokula fremu kutoka ndani. Vespa ngapi zilizowabeba wazazi wetu zimelala uani zikiliwa na kutu, na fundi wa kuziamsha yupo mtaa wa pili? Tofauti ni ya hewa tu; maradhi ya kutupa ni yale yale.

Lakini nisimsifu kijana kupita kiasi, maana alifanya kosa moja kubwa, naye mwenyewe hakunificha. Fedha zake chache za kwanza alizipeleka kwenye vinavyoonekana: rangi ya kupuliza, siti kwa fundi makochi, taa ya mviringo. Breki akaziacha zile zile za zamani, kwa kuwa zilikuwa zikishika alipoisukuma pikipiki uani. Siku ya majaribio aliteremka kuelekea Himo. Kutoka langoni hadi Himo ni mteremko wa karibu meta 1,000 kwa wima. Breki za CG yake ni za dramu, ambamo viatu viwili hupanuka na kusugua ndani. Zikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata joto, na zikipata joto hupoteza nguvu. Laini za viatu vyake zilikuwa zimekwisha kuwa kama karatasi. Katika kona moja alikamata, asipate kitu. Akakanyaga, asipate kitu. Mwenyezi Mungu alimjalia migomba badala ya gari. Alitoka na goti lililochanika, na tangi alilolisugua wiki tatu likiwa limebonyea.

"Mzee," aliniambia, "niliipamba maiti."

Tangu siku hiyo alizigawa fedha zake mafungu matatu, na mpangilio huo nauandika hapa kwa faida ya kila kijana mwenye fedha haba na ndoto kubwa. Fungu la kwanza ni la kusimama: viatu vipya vya breki, waya wa breki, tairi mbili nzima, golori za usukani. Fungu la pili ni la kwenda: oili, plagi, cheni pamoja na sproketi zake, usafi wa kabureta, na ringi ikiwa injini inakula oili. Fungu la tatu, ambalo halifunguliwi mpaka mawili ya kwanza yamekamilika, ni la kupendeza. Na juu ya mafungu yote matatu kuna kofia ngumu, ambayo haihesabiwi kuwa pambo. Aidha amejifunza kuteremka kwa gia ndogo ili injini yenyewe izuie mwendo, na ameapa kutofuata ile tabia mbaya ya baadhi ya waendesha bodaboda ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta.

Sasa naomba ruhusa niwageukie waheshimiwa wenye dhamana. Sheria ya Usalama Barabarani huko Bara ni ya mwaka 1973, na madhumuni yake ya kulinda roho za watu hayana mjadala. Lakini kijana aliyebadili chombo chake kwa uangalifu akisimamishwa njiani huogopa kuliko aliyeendesha kibovu kisichobadilishwa. Yafaa ajue mapema apeleke wapi chombo chake kikaguliwe, na kwa vigezo gani: breki, taa, vioo, kelele ya ekzosi, uimara wa palipochomelewa. Naye kwa upande wake asiikate wala kuisugua sehemu ya fremu iliyopigwa namba, kwa maana hiyo ndiyo hati ya uhalali wake, na ikifutika hata mwenye mali halali hufanana na mwizi.

Vyombo vya kumsaidia tunavyo. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. VETA imekuwapo tangu mwaka 1994, na sisi Zanzibar tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Haitakuwa israfu wakiwafungulia mafundi wa mitaani masomo mafupi ya jioni juu ya breki na uchomeleaji, kisha wakawapa cheti. Fundi wa chini ya mwembe ndiye anayeshika roho za watu wengi kila siku, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha zaidi ya fundi aliyemtangulia. Tukimdharau, gharama yake tutailipa hospitalini.

Nimalizie kwa jambo nililolishuhudia siku ya kuondoka. Kijana alikuwa amefikia kukata fremu ya nyuma ili aweke siti ya mtu mmoja, kama zilivyo kaferesa za picha. Msumeno ulikuwa mkononi. Mama yake akatoka jikoni, akasimama, akamwuliza, "Baba yako alinipeleka kliniki kwa pikipiki hii, na wewe ukiwa tumboni. Sasa mimi nitakaa wapi?"

Kijana alinyamaza, akautazama mviringo wa mzee wa Mamba, akaupima kwa shubiri. Kisha akaurudisha nyuma, mpaka mwisho wa fremu, akauweka msumeno chini. Siti ikawa ndefu kuliko za London, na wajuzi wa mambo hayo huenda wakasema kwamba si kaferesa kamili. Mimi nilipokuwa nikiteremka kwa gari kwenda Himo niliwaona mbele yetu, taratibu, kwa gia ndogo, taa ya breki ikiwaka kwenye kila kona. Mama alikuwa amekaa nyuma upande, kofia ngumu juu ya kitambaa, kikapu cha ndizi mapajani. Walikuwa wakienda sokoni.