Maabara ya Serikali Ipimwe Rhamu

Bidhaa hufika katika maduka ya Rhamu, Kaunti ya Mandera, kwa njia nyingi. Sukari, tambi, mchele na mafuta ya kupikia huja kwa malori kutoka Nairobi kupitia Garissa na Wajir, huingia kutoka Somalia, au huvushwa mto Daua unaoitenganisha Kenya na Ethiopia. Mnunuzi hawezi kuona zebaki iliyomo ndani ya krimu ya kuchubua ngozi, wala hawezi kuonja aflatoksini, ile sumu ya kuvu, ndani ya unga. Kazi hiyo wameachiwa wataalamu wa serikali: Idara ya Mkemia Mkuu pamoja na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Panapojadiliwa nani anafaa kuongoza maabara za aina hii, mazungumzo huishia kwenye shahada na mitambo. Vyote viwili vinahitajika. Hata hivyo nashikilia kwamba sehemu ngumu zaidi ya uongozi huo iko nje ya kuta za maabara: kuhakikisha sampuli kutoka duka la mbali kabisa inafika ikiwa haijaharibika, na jibu lake linarudi kulekule ilikotoka.

Tuanze na sampuli yenyewe. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani zilikumbwa na msiba wa mahindi yenye aflatoksini: watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake zilipochukuliwa masokoni, asilimia 55 zilipita kikomo cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita 1,000. Tofauti kubwa kama hiyo hutokea hata ndani ya gunia moja. Kuvu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote huku nyingine zikiwa safi kabisa. Afisa wa afya ya umma akichota konzi moja juu ya gunia, mtambo wa mamilioni ya shilingi utampa jibu sahihi la konzi hiyo tu. Inavyotakiwa ni achome bambo juu, katikati na chini, arudie katika magunia kadhaa, achanganye, kisha agawanye mafungu matatu yenye lakiri: moja abaki nalo mwenye mali, moja liende maabara, moja litunzwe endapo kutatokea ubishi. Nafaka asiifunge ndani ya nailoni, kwa maana katika joto la Mandera itatoa jasho na kuvu itaendelea kuzaliana njiani. Safari ni ya kilomita karibu 1,000 hadi Nairobi, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Lakiri ikivunjika mahali popote hapo katikati, wakili wa mshtakiwa hana haja ya kubishana na kemia; atauliza tu nani alikuwa na mfuko huo.

Afisa huyo wa Rhamu si mfanyakazi wa Mkemia Mkuu. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka 2013, huduma za afya mashinani ziko chini ya kaunti, ilhali maabara imebaki ya serikali kuu. Mkuu wa maabara hawezi kumwamuru. Inambidi amfunze, ampe mifuko na fomu zinazofaa, na aelewane na wakuu wa kaunti kuhusu nani atalipia usafiri. Mkuu anayengoja sampuli zimfikie mezani atapima bidhaa za Nairobi, Mombasa na Kisumu, ambako idara ina ofisi, kisha atangaze kwamba amepima Kenya.

Halafu kuna jibu. Juni 2018 serikali ilipokamata sukari ya magendo, Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema ina zebaki na shaba. Waziri wa Viwanda na Biashara, Adan Mohamed, akasema vipimo havikuonyesha zebaki. Agosti mwaka huohuo Bunge likaitupilia mbali ripoti ya kamati iliyochunguza suala hilo. Mwananchi akabaki na kikombe cha chai mkononi asijue amwamini nani. Naona kosa kubwa lilikuwa kuyafunga pamoja maswali mawili. Kama sukari imekwepa ushuru, hilo ni swali la forodha. Kama inadhuru mwili, hilo ni la mkemia, na mkemia ndiye anayepaswa kulijibu hadharani kabla ya mwanasiasa yeyote: ilipimwa sampuli ngapi, kwa njia gani, na kilipatikana nini.

Kutenganisha maswali hayo kunajibu pia pingamizi zito kuliko yote, lile la wafanyabiashara wa mpakani. Wanasema upimaji ni kisingizio cha kuwasumbua, na kwamba bidhaa za ng'ambo ya mpaka ndizo zinazowalisha maskini kwa bei nafuu. Hofu yao ina msingi. Lakini muhuri wa ubora nao si kinga kamili: Novemba 2019 KEBS yenyewe ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, na unga huo haukuwa wa magendo. Maabara inayopima unga wa kiwanda cha Kenya kwa ukali uleule inaopimia sukari ya mpakani itaaminiwa Rhamu. Inayopima upande mmoja haitaaminiwa, na haistahili.

Wengine watasema fedha hazipo, na kujenga maabara kamili Mandera ni ndoto. Nakubali kwa sasa. Tanzania imesogeza ofisi za Mkemia Mkuu hadi kanda kama Mbeya na Mtwara, lakini si lazima kuanzia huko. Vipo vipimo vya haraka vya aflatoksini, vijiti vinavyotumika penye ghala lenyewe. Hukosea mara nyingine, kwa hiyo visimhukumu mtu. Vitumike kuchagua ni shehena ipi isimamishwe na sampuli ipi iwahishwe Nairobi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na msiba kama ule wa 2004.

Matokeo yasiishie katika faili la mahakama. Yatangazwe redioni kwa Kisomali na Kiswahili, na mwenye duka apewe nakala hata bidhaa yake inapokutwa safi, maana hiyo ndiyo siku anayoihitaji zaidi. Na ripoti ya mwaka ya maabara iongezwe safu moja, kaunti kwa kaunti: zilipita siku ngapi tangu lakiri ilipofungwa hadi jibu lilipomfikia mwenye mali.