Sufuria Yenye Magurudumu: Kweli na Uongo Kuhusu Kung'arisha Trela Kuukuu

Kama ulilelewa kwenye nyumba ambayo sufuria zilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka mtu akajiona sura, basi nusu ya kazi hii unaijua tayari, na nusu ya makosa yake pia. Kule Marekani wapo watu wazima, wengi wao wastaafu, wanaoshinda nje kiangazi kizima wakisugua sufuria moja tu. Ina urefu wa mita sita na ushei, ina magurudumu, na ndani yake mna kitanda, jiko na choo. Inavutwa na gari, na jina lake ni Airstream.

Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, alianza kuuza matrela yake California katika miaka ya 1930, na kiwanda cha Jackson Center, jimbo la Ohio, kilifunguliwa mwaka 1952. Umbo lake la kidonge Byam alilikuta. Hawley Bowlus, fundi wa ndege zisizo na injini, alishatengeneza trela la alumini lililoungwa kwa ribiti mwaka 1934, na Byam akalifuata na Clipper yake ya 1936. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Spartan ya Tulsa, iliyokuwa ikiunda ndege chini ya J. Paul Getty, nayo ikageukia matrela. Hata kwetu yamepita: mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, wakakatiza Uganda, Kenya na Ethiopia hadi Cairo. Nayataja haya kwa sababu moja. Ukisimama mbele ya trela hilo, fikiria ubavu wa ndege. Ukilifikiria kama bati la paa, utaliharibu.

"Ule weusi unaotoka ni uchafu. Sugua mpaka uishe."

Uongo, na ndio uongo unaozaa mwingine wote.

Chukua kipande cha alumini mpya kabisa, kioshe kwa sabuni, kikaushe, halafu kisugue kwa kitambaa chenye polishi. Kitambaa kitatoka cheusi tii. Kigeuze, sugua tena: cheusi. Endelea hadi jioni, kitazidi kuwa cheusi. Kilichoko pale kitambaani ni alumini yenyewe, imesagwa ikawa vumbi laini mno na kuchanganyika na polishi. Mama aliyekuwa akikagua sufuria kwa kupitisha kidole ukutani mwake na kusema bado haijatakata alikuwa akimlaumu mtoto bure. Sufuria isingetakata mpaka iishe, na zipo zilizokwisha kweli: zikawa nyepesi, kitako kikabonyea, mwisho zikatoboka.

Bati la alumini hupauka kwa sababu uso wake umeshika oksijeni hewani na kujivika utando, kisha miaka ikaongeza mashimo madogo madogo na mikwaruzo inayoutawanya mwanga ovyo. Polishi haipaki kitu juu ya uso huo. Inachimba vilele mpaka vilingane na mabonde, na uso ukishakuwa sawa mwanga unarudi kwa mstari mmoja. Basi kila mng'ao unaouona umelipiwa kwa chuma kilichoondoka. Swali la fundi ni kiasi gani cha kulipia kilichopo.

"Alumini ni alumini. Pitisha msasa kwanza, utaokoa muda."

Uongo, na hapa jibu la swali lile linatisha kidogo. Matrela mengi ya Airstream ya miaka ya 1950 na 1960 yalivishwa Alclad, bati lililobuniwa kwa ajili ya ndege katika miaka ya 1920. Alclad ni kama andazi lililopakwa sukari pande zote mbili. Kiini chake ni aloi ngumu, kwa kawaida ile inayoitwa 2024, yenye shaba zaidi ya asilimia 4. Shaba inaipa nguvu, lakini inaifanya iliwe haraka na unyevu na chumvi. Ndipo wahandisi wakaifunika kwa ngozi ya alumini iliyo karibu safi, ambayo inang'aa vizuri na inakubali kuliwa yenyewe kabla kiini hakijaguswa.

Ngozi hiyo ni asilimia 5 tu ya unene wa bati kwa kila upande. Bati lenyewe lina unene wa milimita 0.8. Piga hesabu: unabaki na maikromita 40, pungufu ya unene wa unywele wa kichwani wa watu wengi. Hiyo ndiyo akiba yote ya trela kwa maisha yake yote, na wamiliki waliotangulia wameshaichota. Msasa mkavu mikononi mwa mtu mwenye haraka unaweza kuimaliza mahali pamoja kwa dakika chache, hasa kwenye kingo za mabati na vichwa vya ribiti. Ukishaimaliza utaona doa lenye wingu la kijivu ambalo haling'ai sawa na jirani zake, na hakuna polishi duniani itakayolirudisha.

Nikiulizwa kuhusu mtu anayepiga trela mchanga wa shinikizo ili "kuanza upya", sina la kumjibu. Bati jembamba namna ile linajikunja na kupata mawimbi, na ngozi imekwenda.

"Trela langu lina unjano na magamba. Polishi kali itayatoa."

Hapana. Magamba hayo si alumini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 kiwanda kilianza kupaka matrela utando mwangavu, kitu cha jamii ya klia wanayomalizia mafundi wa rangi za magari. Ulikusudiwa kuulinda mng'ao wa bati jipya. Baada ya miaka mingi ya jua hugeuka njano, hupasuka na kuning'inia kama ngozi ya mtu aliyebabuka. Kupiga polishi juu yake ni kusugua plastiki.

Kama huna hakika trela lako lina utando huo au halina, nenda sehemu iliyojificha, tuseme chini ya dirisha la nyuma, usugue kidogo kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye polishi. Kitambaa kikiwa cheusi, umegusa chuma. Kikibaki na rangi ya polishi, kuna klia kati yenu. Ule weusi uliowaponza watoto wa sufuria unageuka kuwa shahidi.

Klia huchubuliwa kwa dawa. Unaipaka nene kwa brashi, kivulini, bati likiwa limepoa, unaifunika kwa nailoni isikauke, unaiacha kwa muda uliotajwa kwenye kopo. Ukirudi unaikuta klia imevimba na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Unaikwangua kwa kipande cha plastiki, kamwe si kisu. Halafu maji ya kutosha, kwa mkono mwepesi. Mashine za kuoshea zenye shinikizo kubwa husukuma maji ndani kupitia maungio, na sakafu ya matrela haya ni plaiwudi.

"Basi tumia dawa kali kabisa, hata ile ya kusafishia oveni."

Uongo wa hatari. Dawa nyingi za oveni zina kostiki soda, ileile ya watengenezaji sabuni. Kostiki na alumini hawakai chumba kimoja: hula utando wa juu, kisha hula chuma chenyewe huku ikifoka mapovu ya haidrojeni. Bati linageuka jeusi au jeupe la vumbi. Majivu ya jikoni nayo yana magadi ya asili, ndiyo maana yalizitakatisha sufuria haraka hivyo. Zile zilikuwa nene, na hazikuwa na ngozi ya kuhesabu kwa maikromita.

Zipo pia dawa za kuoshea malori zinazodai kung'arisha alumini kwa kumwagia tu. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo huacha bati na weupe uliokufa, na ikimpata mtu kwenye ngozi hupenya mpaka mfupani wakati mwingine bila maumivu ya mwanzo. Iacheni.

Dawa za kuchubua rangi za zamani, zile zilizofanya kazi kwa dakika kumi, zilitegemea diklorometani. Watu walikufa kwa kuvuta mvuke wake kwenye vyumba visivyo na hewa, na mwaka 2019 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watumiaji wa kawaida. Zinazouzwa sasa nyingi zina alikoholi ya benzili. Ni za polepole, zinaudhi, na ndizo za kununua.

"Vile vijinyuzi kama njia za minyoo vitatoka wakati wa kusugua."

Uongo. Unyevu na chumvi vikiingia chini ya klia kwenye ukingo uliokatwa au kando ya ribiti, uozo hutambaa chini yake kwa mistari myembamba iliyopinda. Mistari hiyo ni mifereji iliyochimbwa ndani ya chuma. Ukiifuatilia mpaka chini utakuwa umeila ngozi yote. Punguza makali yake, kisha kaa nayo. Mzee hana budi kuwa na mikunjo.

"Alumini haishiki kutu."

Nusu kweli. Kutu ile nyekundu ni ya chuma cha kawaida, alumini haina. Lakini inaliwa, na inaliwa zaidi inapogusana na chuma cha kawaida penye maji. Trela hili limejengwa juu ya fremu ya chuma, na pale bati la chini linapolalia fremu ndipo utakuta tundu. Kwa sababu hiyohiyo usiguse bati kwa stilwaya. Vipande vyake vidogo hunasa kwenye alumini laini, na baada ya mvua chache kila kipande kinakuwa kidonda.

"Likishang'aa, jua linaruka, ndani patakuwa baridi kuliko trela jeupe."

Hili huwashangaza hata mafundi. Ni uongo, na msomaji wa kwetu ana ushahidi juu ya kichwa chake. Nani hajawahi kulala mchana chini ya mabati mapya yanayometameta?

Ni kweli alumini iliyong'arishwa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Lakini kile kidogo inachokimeza haikitoi. Kitu chenye joto hulipunguza kwa kulitupa nje kama mionzi isiyoonekana, na uso wa chuma kinachong'aa ni mbahili mno katika jambo hili: hutoa kama sehemu moja ya kumi, au pungufu, ya kile ambacho uso uliopakwa rangi nyeupe ungetoa kwenye joto lilelile. Rangi nyeupe humeza kidogo na kutapika kingi. Chuma kinachong'aa humeza kidogo na kukishikilia. Saa saba mchana, pasipo upepo, weka kiganja kwenye yote mawili utajua. Ndiyo maana wapo wamiliki wanaoyapaka mapaa ya Airstream zao rangi nyeupe, juu kule ambako jirani haoni, na kuziacha mbavu ziwe kioo.

"Yote yalitoka kiwandani yaking'aa kama kioo."

Uongo. Yalitoka na mng'ao wa bati jipya, wa kupendeza lakini wenye ukungu, na nyuzi za kiwanda cha kuviringishia bati zikionekana. Kioo ni ulimbwende wa wamiliki wa baadaye. Siwalaumu, ila wasiseme wanarejesha historia.

"Mwisho wa kazi, nyunyiza unga wa ngano."

Kweli tupu. Baada ya polishi ya mwisho hubaki mafuta meusi yasiyokubali kuondoka. Kila ukipangusa unayasambaza. Unga unayanyonya. Unaupaka kwa kitambaa cha pamba, bati linabaki safi, na mikono inanukia kama unasukuma chapati.

"Ni kazi ya wikendi moja."

Trela la futi 22 lina, kwa kukisia, mita za mraba 40 za mbavu, paa na ncha. Unafanya kazi kwa miraba ya sentimita 60, kwa sababu polishi ikikauka imekupita. Hiyo ni miraba zaidi ya 100. Kila mmoja unapitiwa na mashine yenye pedi ya manyoya ya kondoo na polishi ya kukwangua, kisha daraja laini zaidi, kisha mashine yenye vichwa viwili vinavyozungukazunguka, ikiwa imevalishwa kitambaa cha sweta, ili kufuta miduara iliyoachwa na ile ya kwanza. Mara tatu, wakati mwingine nne. Ukimaliza, hewa inaanza palepale kuupausha uso wa bati. Karibu na bahari huwa mapema zaidi, na daraja lile la mwisho hurudiwa kila mwaka au miwili. Kupaka klia mpya juu ya kioo ili kidumu hakusaidii sana, maana uso laini kiasi hicho haushiki rangi, na unarudi kwenye magamba.

Kabla ya mraba wa kwanza mwagia trela maji kwa mpira wa bustani nusu saa, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, na kila panapovuja pazibwe. Kisha anzia nyuma, chini, upande usio na mlango. Mlango ufanye wa mwisho, mkono ukiwa umeshazoea uzito wa mashine.