Siyu, Mji wa Kalamu na Ngozi

Msafiri atokaye Lamu kwa mashua kwenda kaskazini hupita Mkanda, yaani ule mlango mwembamba wa maji ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Akiisha kuvuka hapo hukiona kisiwa cha Pate upande wake wa kulia, na akizidi kwenda mbele hufika Ndau, kisiwa kidogo cha wavuvi wa Kibajuni, kisha Kiwayu. Wengi wapitao njia hiyo hawageuzi shingo kutazama Pate, wala hawajui ya kuwa nyuma ya mikoko ya upande wa kaskazini wa kisiwa hicho umejificha mji mdogo uitwao Siyu, ambao zamani ulikuwa na sifa pwani yote.

Miji mingi ya kale katika Afrika ililindwa na milima au maziwa. Siyu haina mlima wala ziwa. Ngome yake ya kwanza ilikuwa matope. Mji umesimama mwisho wa hori nyembamba yenye mikoko kandokando. Maji yakijaa, mashua huweza kufika karibu na mji. Yakipwa, hori yote hugeuka tope, na mgeni asiyejua saa za bahari hukwama humo. Adui aliyetaka kuingia Siyu alilazimika kwanza kupatana na mwezi, maana ndio utawalao kujaa na kupwa.

Habari za mji huu ni za siku nyingi. Mwaka 1606 padri mmoja wa Kireno, Gaspar de Santo Bernardino, alifika huko, naye akaandika kwamba Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote ya kisiwa kile. Tena katika kabila za mji wenyewe kuna watu waitwao Washanga, ambao asili yao yasemekana ni Shanga, mji uliokuwa pwani ya kusini ya kisiwa hicho hicho. Wataalamu waliochimba magofu ya Shanga katika miaka ya 1980 waliona ya kuwa watu walianza kukaa pale katika karne ya 8, wakauhama mji ule mwanzoni mwa karne ya 15. Basi mji mmoja ulipokufa, watu wake walichukua ujuzi wao wakaenda kuupanda mahali pengine, kama mkulima ahamaye na mbegu zake.

Sifa ya Siyu haikutoka katika dhahabu wala pembe za ndovu. Ilitoka katika mikono ya watu wake. Mafundi wa ngozi walishona makubadhi na mikanda iliyosifiwa katika visiwa vyote. Maseremala walichonga milango ya nakshi, wakaitia rangi nyekundu na nyeusi. Na juu ya mafundi hao wote walikuwako waandishi. Katika karne ya 18 na ya 19, Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni, na huko Misahafu ilinakiliwa kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa wino mweusi, na pambizo za kurasa zikapambwa kwa rangi nyekundu na manjano. Karatasi ilitoka Ulaya kwa njia ya biashara. Lakini mwandiko, mapambo na majalada ya ngozi vilikuwa vya watu wa Siyu wenyewe.

Hapa yafaa msomaji atulie afikiri. Mfugaji auzaye ngozi mbichi hupata bei ya ngozi mbichi tu. Watu wa Siyu hawakukubali faida iishie hapo. Ngozi ile ile iligeuka kiatu, ikageuka mkanda, ikageuka jalada la kitabu, na kila ilipogeuka thamani yake iliongezeka. Karatasi tupu nayo iliingia mjini ikiwa bidhaa ya kawaida, ikatoka ikiwa kitabu kisichoweza kupatikana kwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa hazina ya mji.

Mji wenye hazina hupata maadui. Seyyid Said, aliyetawala Omani na Unguja, alitaka kuitia pwani yote chini ya bendera yake. Miji mingi ilikubali, lakini Siyu chini ya Bwana Mataka ilikataa. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid yaliletwa kisiwani, nayo yakashindwa, hata kamanda wake akauawa. Seyyid Said alifariki mwaka 1856 bila ya kuutiisha mji ule, na Bwana Mataka naye alifariki mwaka huo huo. Mwaka 1863 tu, siku za Sultani Majid, ndipo Siyu iliposhindwa kabisa.

Ngome ya mawe iliyoko ukingoni mwa hori yakumbusha siku zile. Ngome nyingine mashuhuri za pwani zilijengwa na wageni au kwa amri ya watawala wa ng'ambo: Wareno walijenga ile ya Mombasa, na ile ya Lamu ilimalizika siku za Seyyid Said. Lakini ngome ya Siyu ilijengwa na wenyeji kwa ajili ya kujilinda wenyewe.

Hata hivyo, lililobaki hai zaidi si jiwe. Bwana Mataka aliacha mjane, jina lake Mwana Kupona binti Mshamu. Mama huyu, katika mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua ya kuwa siku zake si nyingi, alitunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima, juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Alifariki yapata mwaka 1860. Utendi ule ulinakiliwa na kusomwa majumbani, ukapigwa chapa katika karne ya 20, na mpaka leo wanafunzi wa Kiswahili huusoma katika nchi nyingi. Majeshi yametawanyika na mizinga imeshika kutu, lakini maneno ya mama kwa binti yake yangali yakisikika. Tena watu wengi walijuao jina la Bwana Mataka leo, wamelijua kwa sababu ya kalamu ya mkewe.

Baada ya vita mji ulififia. Mashamba makubwa ya visiwani na bara yalikuwa yakilimwa na watumwa, na jambo hilo halifai kufichwa tunaposifu mambo ya kale. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, matajiri waliotegemea jasho la wenzao walipoteza nguvu. Reli ya kwenda Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iliivuta biashara upande huo. Vitabu navyo vilipoanza kupigwa chapa na kuuzwa rahisi, mwandishi wa mkono alikosa wanunuzi, na kijana wake akatafuta kazi nyingine.

Leo Siyu ni kijiji. Ngome imetengenezwa chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Misahafu kadhaa iliyoandikwa mjini imehifadhiwa vizuri. Lakini mji wa kale wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, ndio upatao wageni. Wachache tu huvuka mpaka Siyu. Na mchwa na unyevu wa bahari havimngojei mgeni. Karatasi ya kale iliyosahauliwa ndani ya sanduku huweza kuliwa katika masika moja, na ikiliwa hakuna awezaye kuirudisha.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karani aijua methali hiyo kwa hesabu, na mkulima kwa magunia yake. Siyu yatufundisha ya kuwa hata mji ni mali, na daftari lake ni maandishi ya watu wake. Basi kila mwenye sanduku la karatasi za babu yake na alifungue leo, azianike, azifunge vema, na yale ambayo wazee wanayajua kwa kichwa tu ayaandike kabla hawajaondoka. Mwana Kupona hakungoja kupona ndipo aandike.