Jumba la Geneva linatuhusu sisi tuliorudi

MSOMAJI uliyevuka mpaka na mtoto mgongoni huenda ukauliza: jengo la Uswisi linatuhusu nini?

Linatuhusu sana. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliasisiwa mwaka 1863. Makao yake makuu yako Geneva, katika jengo lililokuwa Hoteli ya Carlton, ambamo ilihamia mwaka 1946. Makumbusho yaliyofunguliwa hapo mwaka 1988 yanaonyesha kadi za wafungwa wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wapatao milioni 2. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia.

Mimi nilisomea ukimbizini, kambi ya Mtabila, Kasulu. Barua za Msalaba Mwekundu nilizijua huko: karatasi moja isiyofungwa, habari za familia tu, siasa marufuku. Mama alipata moja kutoka Makamba kwamba shangazi yu hai. Sisi tulikuwa tumekwisha kumlilia matanga.

Wapo wasemao fedha za kutunza majengo ya mashirika zingenunua mahindi. Kwa mwenye njaa hoja hiyo ni nzito. Lakini ndugu aliyepotea atatafutwa wapi ikiwa karatasi zimeoza? Thamani ya nyumba ile haiko kwenye madirisha yake, iko kwenye majina.

Basi, mfanyabiashara wa Manyovu na Kobero, nawe uliyerudi: ukiwa na barua kama hiyo sandukuni, usiiwashie moto. Iepushe na mchwa, na wasomee watoto.