Valvu za zamani: someni kioo, si jina

Sisi tulio huku Uingereza tunaona valvu za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn, zikiuzwa kwa bei ya kuruka. Wenye amplifaya za hedifoni wanazigombania. Jina la rangi hufutika, na wajanja huandika jingine. Tazameni alama ndogo chini ya kioo. Herufi B mwanzoni mwa mstari wa pili ndiyo Blackburn. Kiwanda hicho kiliwatengenezea na wengine, kwa hiyo jina lisilovuma laweza kuficha valvu ile ile.

Lakini kubwa ni umeme. ECC88 hutaka miliampea 365 za kuipasha moto. 6N1P ya Kirusi huingia tundu lile lile, ila hunywa 600. Transfoma ndogo itaungua, muuzaji aape asiape.