Kiganja Kwanza, Samasoti Baadaye

Mtoto wa Runzewe, wilayani Bukombe, anayependa sarakasi hana ukumbi wala mwalimu wa jimnastiki. Anajifunzia kwenye lundo la mchanga kando ya nyumba inayojengwa, au anawaiga vijana wa ngoma ya bugobogobo wanaorusha majembe na kubinuka ngoma ikiwaka. Kipaji kipo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mikono aiweke vipi, na hilo ndilo linalowavunja watoto wetu mifupa.

Sarakasi si ugeni kwetu. Miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kuisomea, na waliporudi wakawa msingi wa kikundi cha sarakasi cha taifa. Leo inafundishwa Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa. Lakini kutoka Bagamoyo hadi Bukombe ni mbali, na watoto hawasubiri mtaala.

Nizungumzie boriti ya jimnastiki, kwa sababu ndiyo inayofichua mkono mbovu haraka kuliko kifaa kingine chochote. Boriti ya mashindano ina urefu wa mita 5, kimo cha sentimita 125 na upana wa sentimita 10 tu. Upana huo unapatikana kwa seremala yeyote: mbao ya 2x4 ikilazwa ubapa ina inchi 4, yaani sentimita 10 na kidogo. Mwambie fundi aipige randa, aviringishe kingo, apige msasa na ahakikishe hakuna kichwa cha msumari kilichochomoza. Ilaze chini, juu ya ardhi. Isiinuliwe hata tofali moja mpaka mtoto aweze kuweka mikono palepale mara kumi mfululizo bila kukosea.

Sasa mikono yenyewe. Viganja viwili vya mtoto wa miaka 10 vikiwekwa sambamba havienei kwenye sentimita 10. Kwa hiyo anaposimama kwa mikono kufuata urefu wa mbao, vidole gumba viwili vigusane katikati, na vidole vya shahada navyo vikae juu. Vidole vilivyobaki vishuke pembeni na kuukamata ukingo. Kitako cha kiganja ndicho kinachobeba uzito. Vidole ndivyo vinavyorekebisha mwili unapoanza kuyumba. Kiganja kisipande juu ya kiganja kingine, maana mkono wa juu hauna pa kushika.

Anapojizungusha ubavu kama gurudumu, mambo hubadilika. Mikono haitui pamoja, inafuatana kwenye mstari mmoja. Viganja vinakaa kukingama mbao, vidole vikining'inia ukingo wa pili, na kidole gumba kinabaki juu. Nasisitiza kidole gumba kwa sababu kikitangulia kushuka upande wa karibu, uzito wote wa mwili hukivuta kinyume na kano zake. Macho yatazame mahali mkono unapokwenda mpaka uguse. Mkono uliotua bila kuonwa ndio unaokosa mbao, na nyuma yake kinakuja kichwa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata walimu wa michezo. Mtoto akiwa juu ya mikono, viwiko vinyooke kabisa na mabega yasukumwe mpaka yakaribie masikio. Kiwiko kilicholegea kitakunjika na uso utafikia mbao. Lakini akianguka, kanuni hiyohiyo inageuka. Mkono ulionyooshwa mgumu kupokea ardhi hupeleka kishindo chote kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Anguko la kinyumenyume ndilo baya zaidi: mtoto hutupa mikono nyuma, vidole vikitazama mbali naye, kiwiko kinafunga, kisha kinateguka au mfupa wa juu yake unavunjika. Afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kupinduka. Kidevu kiende kifuani, mikono ikumbatie kifua, mgongo uviringe. Mkono ukilazimika kugusa chini, vidole vielekee kwenye miguu yake na kiwiko kiwe kimekunjika kidogo. Zoezi hili lifanyike chini, juu ya godoro au mchanga laini, mpaka liwe mazoea.

Na mchanga usiwe wa marudio, yaani uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu. Ukanda wetu wa dhahabu una malundo yake karibu na kila mwalo wa kuchenjulia, ni laini na watoto huyapenda, lakini yamepitiwa na zebaki. Chukueni mchanga wa mto.

Kifundo cha mkono kinahitaji kuandaliwa. Mtoto apige magoti, aweke viganja chini, ayumbishe uzito mbele na nyuma taratibu, vidole vikitazama mbele, kisha pembeni, kisha magotini. Mfupa wa upande wa kidole gumba hubeba takribani asilimia 80 ya uzito unaopita kifundoni, na kwa mtoto mwisho wa mfupa huo una gegedu laini ambalo ndilo linaloongeza urefu. Likigandamizwa kila siku bila mapumziko, huumia. Maumivu ya kifundo yanayorudi kila anaposimama kwa mikono si uvivu wala si dalili ya kukomaa. Apumzishwe kwa wiki kadhaa, aendelee na mazoezi ya miguu na tumbo.

Kabla ya kupanda, mbao ifutwe vumbi na viganja vikaushwe kwa kitambaa.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto akianguka na kifundo au kiwiko kikavimba, msimkande, msimchue, msimvute mkono kuurudisha. Ufungeni mkono jinsi ulivyo kwenye ubao, mumwahishe penye eksirei. Vidole vikipoa au kufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa ileile. Akinyoosha kidole gumba juu, chini yake hujitokeza kishimo. Akiumia mkibonyeza hapo, huenda mfupa mdogo wa kifundo umepata ufa ambao picha ya kwanza haiuonyeshi. Mwombeni daktari arudie picha baada ya siku 10 hadi 14, na mkono ubaki umefungwa mpaka siku hiyo.